Mwongozo Kamili: Kumhudumia Nyumbani Mgonjwa Aliyetolewa Mtoto wa Jicho kwa Mkato Mdogo

Upasuaji wenyewe huchukua muda mfupi tu. Mengi yanayoharibika huharibika baadaye, nyumbani. Dawa inaishia shavuni badala ya jichoni. Mgonjwa anaona vizuri siku ya tatu, basi hakuna anayemrudisha kliniki. Au jicho linaanza kuuma siku ya nne na familia inasubiri mnada upite ndipo watafute usafiri.

Mwongozo huu ni wa yule anayebaki na mgonjwa, awe Mvumi, Kongwa, Bahi, Chemba au mjini Dodoma. Unaanzia kabla ya upasuaji na kuishia kwenye miwani ya wiki ya sita. Idadi za matone zilizomo ni za kawaida. Zikitofautiana na karatasi uliyopewa hospitalini, fuata karatasi.

## Vitu vya kuandaa kabla mgonjwa hajaondoka nyumbani

- Sabuni ya kipande na kidumu chenye koki au tundu dogo, ili maji yatiririke mikononi. Beseni ambalo kila mtu amenawia halifai.
- Maji yaliyochemshwa na kupoa, kwenye chupa safi yenye kifuniko.
- Pamba safi ya dukani.
- Kinga ngumu ya plastiki ya kufunika jicho usiku (hospitali nyingi hutoa) na plasta ya karatasi.
- Miwani ya jua iliyofunika hadi pembeni.
- Simu au saa yenye kengele, kalamu, na karatasi ya ratiba iliyobandikwa ukutani.
- Kalenda kubwa ya ukutani. Ya mwaka jana inafaa vilevile, kwani ni ya kupimia uono kila asubuhi (hatua ya 7), si ya kuangalia tarehe.
- Parasetamoli za mg 500.
- Namba ya simu ya kliniki ya macho na nauli ya safari moja ya dharura. Nauli hiyo isiguswe kwa lolote jingine kwa wiki 6.

Amua pia mtu mmoja wa kutia dawa na mmoja wa akiba. Dawa ikiachiwa "yeyote aliyepo", mchana mmoja hutiwa mara mbili na mwingine haitiwi kabisa.

## Hatua ya 1: Sema yote kabla ya upasuaji

Matatizo mengi ya kwenye meza ya upasuaji yana dalili zilizokuwepo wiki moja kabla. Kazi yako ni kuhakikisha daktari anazijua.

Kope zinazochoma jicho. Dodoma ni kati ya mikoa iliyoumizwa sana na trakoma, ugonjwa wa macho wa kuambukiza, na wazee wengi wa Kongwa, Chamwino na Bahi wana kope zilizojikunja kuelekea ndani. Kope hizo hukwaruza konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, na hubeba vijidudu hadi kwenye kidonda. Zirekebishwe kwanza, jicho lipone, ndipo mtoto wa jicho atolewe. Usikubali mzee azing'oe kwa kibano asubuhi ya kwenda hospitali ili zisionekane.

Usaha kwenye kona ya pua. Bonyeza taratibu kati ya kona ya ndani ya jicho na pua. Ute au usaha ukitoka, mfereji wa machozi umeziba na una maambukizi. Kupasua jicho hilo kabla ya kutibu mfereji ni hatari kubwa.

Dawa anazotumia. Beba vidonge vyote kwenye mfuko, hata vya tezi dume. Tamsulosini, ambayo wazee wengi hupewa wakikojoa kwa shida, huifanya mboni, yaani duara lenye rangi ndani ya jicho, ilegee na kujikunja wakati wa upasuaji. Mpasuaji akijua mapema hujipanga; asipojua, mboni inaweza kujipenyeza kwenye mkato. Taja pia aspirini na dawa nyingine zinazozuia damu kuganda, lakini usizisimamishe mwenyewe.

Sukari, presha, kikohozi. Mgonjwa atalala chali bila kutikisika karibu nusu saa. Anayekohoa kila dakika atibiwe kifua kwanza, maana kikohozi kimoja jicho likiwa wazi kinaweza kusukuma nje vilivyomo ndani.

Uliza pia kama jicho limepimwa ili kupata namba ya lensi bandia. Kosa la milimita 1 katika kupima urefu wa jicho huleta kosa la dayopta (kipimo cha nguvu ya miwani) karibu 2.5 hadi 3, na hilo haliponi kwa matone.

Swali la mwisho, ambalo familia nyingi huliogopa: je, nyuma ya mtoto wa jicho kuna ugonjwa mwingine? Presha ya jicho iliyokwisha kuua mshipa wa fahamu, au retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha) iliyoharibiwa na kisukari, hairudi kwa kubadilisha lensi. Bora mkalijua hilo kabla kuliko kumlaumu mpasuaji baadaye.

Umefanikiwa ikiwa: unajua ni jicho lipi litapasuliwa, limepimwa, na daktari ameona dawa zote.

## Hatua ya 2: Jua kidonda kilipo

Usiposhika sehemu hii, makatazo yote yanayofuata yataonekana ni kero tu.

Katika upasuaji wa mkato mdogo wa mkono, mpasuaji hachani konea moja kwa moja. Huchimba njia ya kupenya kwenye ukuta mweupe wa jicho, mara nyingi upande wa juu chini ya kope, yenye upana wa milimita 6 hadi 7, hadi itokee ndani ya konea. Kiini kigumu cha mtoto wa jicho hutolewa kizima kupitia hapo, kisha lensi ya plastiki huwekwa ndani ya kifuko kilekile kilichoshika lensi ya asili.

Kwa kawaida hapashonwi. Njia hiyo hujifunga kama vali ya mpira wa miguu: msukumo wa ndani ndio unaoubana ulimi wake. Kwa hiyo jicho lenye msukumo wa kawaida hujifunga lenyewe. Ukilibonyeza kwa kidole upande mmoja, ulimi hufunguka, maji ya ndani hutoka, na machozi yaliyochanganyika na vumbi yanaweza kuingia.

Ndiyo maana kusugua jicho ni kosa kubwa kuliko kula pilipili. Kuhusu chakula, hakuna mwiko wowote: ugali, mlenda, nyama, maharage, vyote vinaliwa.

## Hatua ya 3: Usiku wa kwanza

Jicho hufungwa na huachwa hivyo hadi muuguzi alifungue asubuhi. Sindano ya ganzi inaweza kuacha kope imelegea au mgonjwa akaona vitu viwiliviwili kwa saa kadhaa, hupita.

Alale chali au kwa ubavu wa jicho lisilopasuliwa. Mkwaruzo kama wa mchanga ni kawaida. Parasetamoli vidonge 2 vya mg 500, kila baada ya saa 6 hadi 8, visizidi vidonge 8 kwa siku, humtosha mtu mzima asiye na ugonjwa wa ini.

Tahadhari: maumivu makali ya jicho na kichwa upande huohuo, pamoja na kutapika, ni dalili ya presha ya jicho kupanda. Mwite muuguzi usiku huohuo.

## Hatua ya 4: Asubuhi jicho linapofunguliwa

Hapa ndipo furaha au hofu huzidi kipimo. Mgonjwa mwenye mtoto wa jicho laini anaweza kuona sura yako vizuri. Mwenye mtoto wa jicho mgumu, wa kahawia au aliyeiva hadi kuwa mweupe, mara nyingi huona ukungu, kwa sababu konea imevimba kutokana na kazi ya kutoa kiini kikubwa. Ukungu huo unatakiwa upungue siku hadi siku.

Uliza maswali matatu kabla ya kuondoka: Amesoma mstari gani wa chati ya macho? Kifuko cha lensi kilibaki kizima? Tunarudi lini?

Swali la pili ni muhimu kuliko linavyoonekana. Kifuko kikipasuka, ute wa ndani ya jicho huweza kuja mbele. Mpasuaji huusafisha, na pengine lensi huwekwa mahali pengine au huahirishwa. Mgonjwa huyo bado anaweza kuona vizuri, ila hatari ya uvimbe wa retina, retina kubanduka na maambukizi inakuwa kubwa zaidi, hivyo hafai kukosa kliniki hata moja. Familia iliyoambiwa "kulikuwa na shida kidogo" ikaitikia tu, haijui kwamba imepewa ratiba tofauti.

## Hatua ya 5: Kutia matone

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa hiyo tutakaa.

Kwa kawaida kuna dawa mbili, au moja iliyochanganywa. Ya kwanza ni steroidi, kama prednisoloni au deksamethasoni, inayotuliza uvimbe wa ndani. Ya pili ni antibayotiki, ya kuzuia vijidudu. Antibayotiki huisha mapema, mara nyingi ndani ya wiki 1 hadi 2. Steroidi huendelea wiki 4 hadi 6 ikipunguzwa polepole.

1. Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Mgonjwa naye anawe, kwa sababu atajigusa.
2. Kama dawa ni nyeupe kama maziwa, itikise vizuri. Dawa yenyewe hutuama chini. Usipotikisa, wiki ya kwanza unatia maji na ya mwisho unatia tope.
3. Mlaze chali, au akae akiegemeza kichwa ukutani. Kumtilia mzee aliyesimama ni kupoteza dawa.
4. Mwambie atazame juu. Weka kidole kwenye mfupa wa shavu, vuta ngozi chini mpaka kope ya chini ifanye kijifuko. Kidole kikae juu ya mfupa, kisiguse jicho.
5. Shika chupa sentimita 2 hivi juu ya jicho. Ncha isiguse kope wala jicho. Ikigusa, chupa imechafuka.
6. Tone 1 tu ndani ya kijifuko. Tone moja tayari ni zaidi ya jicho linavyoweza kushika. La pili hulisukuma la kwanza nje.
7. Afumbe taratibu bila kukaza. Wewe au yeye abonyeze kwa wepesi kona ya ndani karibu na pua, kwenye mfupa, kwa dakika 1 hadi 2. Hapo ndipo tundu la machozi lilipo. Lisipozibwa, dawa huteremka puani, na ndiyo sababu wengine hulalamika uchungu kooni.
8. Subiri dakika 5 kabla ya dawa ya pili. Ya mafuta huwa ya mwisho daima, kwani huzuia matone yasiingie.

Kupunguza steroidi. Ratiba moja ya kawaida ni mara 4 kwa siku wiki ya kwanza, kisha 3, kisha 2, kisha 1. Jumla ni matone 70. Chupa ya mililita 5 hutoa takriban matone 100, kwa hiyo ikiisha kabla ya siku ya kumi na tano ujue nyingi imemwagika. Ikiwa wiki ya pili bado imejaa pomoni, ujue haitiwi. Ukipewa ratiba ya kila saa 2 mwanzoni, omba chupa ya pili kabisa kabla hujapanda gari.

Kukatisha ghafla kwa sababu "anaona" huurudisha uvimbe. Kuendelea miezi mitatu kwa sababu "inamsaidia" ni hatari upande wa pili: steroidi hupandisha presha ya jicho kwa baadhi ya watu bila maumivu yoyote, na mshipa wa fahamu hufa kimya kimya. Usinunue chupa nyingine duka la dawa bila karatasi mpya.

Kutunza chupa. Andika tarehe ya kuifungua. Siku 28 zikipita, itupe. Joto la Oktoba na Novemba chini ya bati huiharibu dawa. Iweke ndani ya kikombe kikavu kando ya mtungi wa maji, mbali na watoto. Isikae dirishani.

Visitiwe kamwe: maziwa ya mama, asali, maji ya majani, mkojo, na dawa ya jicho ya jirani. Kidonda bado ni mlango.

Umefanikiwa ikiwa: tone linaingia mara ya kwanza, shavu linabaki kavu kiasi, na karatasi ya ukutani ina alama kila mara dawa inapotiwa.

## Hatua ya 6: Kuishi na vumbi, moshi na kazi

Upepo wa kiangazi wa Dodoma hausubiri mtu apone. Mchana avae miwani iliyofunika pembeni. Usiku avae kinga ya plastiki kwa wiki 1 hadi 2, kwa sababu usingizini mkono hufuata muwasho. Usifunge jicho kwa kitambaa mchana kutwa: joto na unyevu hulea vijidudu.

Matongotongo ya asubuhi yafutwe kwa pamba iliyoloweshwa maji yaliyochemshwa na kupoa, kuanzia kona ya ndani kwenda nje, mara moja kwa kila pamba, kisha itupwe. Aoge kuanzia shingoni kushuka. Uso upanguswe kwa kitambaa chenye unyevu. Nywele zioshwe akiwa amelaza kichwa nyuma. Maji yasiingie jichoni kwa wiki 2.

Asipulize moto wala kukaa jikoni kwenye kuni. Ndoo ya lita 20, gunia na kusukuma baiskeli vingoje wiki 4. Jembe lingoje wiki 6, kwa sababu ya kuinama, vumbi na hatari ya bua la mtama kumchoma. Anayeswali aswali ameketi bila kusujudu hadi kliniki imruhusu. Mpe maji ya kutosha na matunda, choo kisiwe kigumu. Kujikamua hupandisha msukumo wa jicho. Mjukuu asikae mapajani wiki hizi mbili za kwanza. Vidole vya mtoto havina adabu.

Usafiri wa bodaboda kwenye barabara ya vumbi ni wa kuepukwa wiki ya kwanza. Ikibidi, miwani na kofia ngumu yenye kioo.

## Hatua ya 7: Kipimo cha kila asubuhi na dalili za hatari

Bandika kalenda mahali penye mwanga. Kila asubuhi, kabla ya matone, mgonjwa asimame pale pale, hatua 3 kutoka kwenye kalenda, afunike jicho jingine kwa kiganja bila kulibonyeza, asome tarakimu. Asiyejua kusoma ahesabu vidole vyako. Andika alichoweza. Hutafuti namba nzuri, unatafuta mabadiliko. Jicho linalopona husoma sawa na jana au zaidi.

### Nenda leo, usisubiri kesho

Maumivu yanayoongezeka, uono unaopungua, wekundu unaozidi, kope kuvimba. Hii ndiyo picha ya maambukizi ndani ya jicho, mara nyingi kati ya siku ya 2 na ya 7. Ni nadra, chini ya mgonjwa 1 kati ya 100, lakini huweza kupofusha jicho kwa siku moja au mbili. Tiba yake ni sindano ya antibayotiki ndani ya jicho, hospitali yenye mtaalamu. Kuongeza matone nyumbani ni kupoteza saa zilizobaki. Zahanati ikikupa vidonge na kusema urudi Jumatatu, usikubali. Omba rufaa na uondoke.

Maji ya uvuguvugu yanayotiririka, mboni iliyovutwa juu ikawa na umbo la tone la maji, au kitu cheusi kwenye kidonda. Mkato unavuja au mboni imejipenyeza. Vaa kinga, usiguse, nenda.

Maumivu ya kichwa na kutapika, kama ilivyoelezwa katika hatua ya 3.

Mimweko ya mwanga, madoa meusi mengi ya ghafla, au pazia linaloshuka upande mmoja. Retina inaweza kuwa inabanduka. Hakuna maumivu, na ndiyo maana watu huchelewa.

### Piga simu, uonekane ndani ya siku chache

Damu inayoonekana mbele ya mboni mara nyingi hufyonzwa yenyewe ndani ya wiki. Alale kichwa kikiwa juu ya mito miwili. Damu ya bapa kwenye weupe wa jicho haina madhara. Ukungu usiopungua kila wiki unaweza kuwa konea iliyochoka. Kuumizwa na mwanga baada ya kupunguza matone maana yake uvimbe unarudi na dozi inahitaji kupangwa upya.

Kuna moja huwachanganya hata waangalifu: mgonjwa aliona vizuri wiki mbili, kisha kati ya wiki ya 4 na ya 12 katikati pakafifia bila wekundu wala maumivu. Huo huweza kuwa uvimbe wa sehemu ya katikati ya retina, unaowapata zaidi wenye kisukari na waliopasukiwa kifuko. Unatibika.

## Hatua ya 8: Wiki ya 6, miwani

Watu wengi huiruka hatua hii, na ndiyo inayotenganisha "anaona" na "anaona vizuri". Njia ya milimita 6 hadi 7 huvuta konea kidogo inapopona, na kuacha mkunjo unaofanya herufi zivutike. Mkunjo hutulia baada ya wiki 4 hadi 6. Miwani ikipimwa kabla ya hapo itakuwa ya jicho ambalo halipo tena mwezi ujao.

Ndugu wengine hudhani mgonjwa alipewa upasuaji hafifu kwa sababu hakufanyiwa ule wa mashine. Jaribio lililofanyika Nepal na kuchapishwa mwaka 2007 lililinganisha njia hizo mbili kwa wagonjwa 108. Baada ya miezi 6, bila miwani, 89% ya waliopasuliwa kwa mkato mdogo wa mkono walifikia 6/18 au zaidi (yaani kusoma kwa mita 6 kile ambacho jicho zima husoma kwa mita 18), dhidi ya 85% ya upande wa mashine. Wakirekebishiwa macho, pande zote mbili zilifika 98%.

Namba 6/18 ndiyo Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwa miaka mingi kuwa matokeo mazuri; siku hizi hutumia 6/12. Chini ya 6/60 yalihesabiwa mabaya. Mwombe anayempima akuandikie namba mbili, bila miwani na kwa miwani. Chini ya 6/60 hata kwa miwani, uliza sababu hapohapo, usipewe tarehe tu.

Lensi ya plastiki haibadili umbo ili kuona karibu, hivyo kusoma Biblia, Msahafu au ujumbe wa simu kutahitaji miwani ya karibu, mara nyingi +2.50 hadi +3.00. Za mtaani zinatosha kwa hilo ikiwa daktari amesema macho yote mawili hayahitaji zaidi.

Jicho la pili lipangiwe tarehe siku hiyo. Na ikiwa miezi au miaka baadaye jicho lililopasuliwa likaanza tena ukungu, mtoto wa jicho hajarudi. Ni kifuko kilicho nyuma ya lensi kimeota utando. Huondolewa kwa leza kwa dakika chache bila kukata. Si kila hospitali ina mashine hiyo, kwa hiyo piga simu kabla ya kulipa nauli.